Mchezo wa Mzigo

Kageha mwanangu, mama yangu mdogo,

Umeubamiza mlango mpaka kifuniko cha sufuria kimeanguka na kuzunguka sakafuni kama mlevi. Sawa. Umekwenda kwa Mama Rispa kusukwa nywele za safari, na ninavyomjua Mama Rispa, mdomo wake unakwenda mbio kuliko vidole, kwa hiyo nina nafasi ya kutosha. Nimechukua daftari lako la hesabu nikang'oa karatasi za katikati. Usinikaripie. Shule umemaliza, na hesabu zenyewe hukuwa unaziweza.

Sitakuandikia habari za sweta, wala za kutokula mayai yanayouzwa dirishani gari likisimama Naivasha. Hayo Mama Rispa anakwambia sasa hivi, tena mara mbili. Mimi nataka kusema lile tulilogombania leo mchana. Kwa mdomo siwezi. Kwa mdomo nikianza natia mzaha, wewe unakasirika, kisha vifuniko vinaanguka.

Jambo lenyewe ni hili. Yule karani wa Bwana Shauri pale ofisi ya wilaya alitueleza vizuri, wala si mtu mbaya, alikupa hata kiti. Alisema msichana mwenye baba Mragoli ni Mragoli, na Mragoli hana ruhusa ya kukaa katika kile kijiji cha Wakikuyu walikomfungia mama yako. Atarudishwa getini, hata akilia. Lakini msichana asiye na baba humfuata mama yake, na huyo ataingia. "Akishaingia," akasema, "huku Nakuru harudi. Atakuwa mtu wa kule." Halafu akatutazama, wewe na mimi, akafunika wino wake, akasema, "Mimi sijasema kitu, mzee. Nimeeleza sheria tu."

Nilimwelewa mara moja. Wewe pia ulimwelewa, ndiyo maana ulinitangulia njia yote mpaka tulipofika penye mabomba ya maji, ukasimama katikati ya wanawake na debe zao.

"Siwezi kusema baba amekufa," ulisema, "na yuko hapa anakula ugali wangu."

"Ugali wenyewe una madonge," nikasema. "Karibu nife kweli."

Ukaanza kulia, na wale wanawake wakaniangalia kama mtu aliyempiga mtoto njiani. Ukasema utawaeleza ukweli pale getini, kwamba mama ni mgonjwa, kwamba wewe ni mtoto wake wa pekee, na watakuelewa kwa sababu nao ni watu. Mama, mimi nimeishi na watu muda mrefu. Huo utu wao ndio unaonitia wasiwasi.

Basi naandika ili kesho kutwa, ukisimama mbele ya geti lile, useme nimekufa. Na kwa sababu wewe hufanyi kitu mpaka uelezwe kilikoanzia, nitaanza mbali kidogo, kwenye karata. Siku ile walipomchukua mama yako ulikuwepo, lakini ulikuwa chini ya kitanda, ukaona miguu tu. Miguu haielezi habari yote.

Mchezo wetu sikuuzua mimi, ingawa wakati wa kumposa mama yako nilimwambia hivyo. Niliuona Njoro, nilipokuwa boi wa nyumbani kwa memsahib mmoja mwenye shamba la ngano. Jioni baada ya chai alikaa mezani na dada yake na mabinti wawili wa dada, kila mmoja na pakiti yake nzima ya karata. Kwanza kimya. Kila mtu ameinamia karata zake kama anayetafuta chawa. Nikasema, maskini, hawa watu hata karata wanacheza kila mtu na yake, ndiyo maana wana nyuso za namna hiyo. Mara memsahib akaona kitu, mkono ukaruka katikati ya meza, pap! Dada naye, pap! Wakapigana vidole, wakapiga makelele, kikombe kikaanguka, na hakuna aliyengoja zamu kwa sababu zamu hakuna. Nilisimama na trei mpaka chai ikapoa. Nikamwuliza mpishi mchezo ule unaitwaje. Akasema, "Kwa lugha yao wanauita shetani." Nikaona jina limefaa.

Nilijifunza nikiwa nyuma ya viti, na mtu anayejifunza nyuma ya viti huona karata za wote, kwa hiyo hujidhani ana akili kuliko waliokaa. Kila mtu anahesabu karata kumi na tatu, anaziweka rundo pembeni, ya juu ikitazama. Huyo ndiye shetani mwenyewe, na kazi yako ni kumwondoa. Nne nyingine unazipanga mbele yako, na juu yake unashuka namba moja moja, nyekundu juu ya nyeusi, nyeusi juu ya nyekundu. Zilizobaki unazo mkononi, unazifunua tatu tatu. Mpaka hapo uko peke yako na Mungu wako. Lakini karata ya moja ikitokea, kwako au kwa mwenzako, inakwenda katikati, na pale katikati ni pa wote. Anayewahi anaweka ya pili, mwingine ya tatu, hivyo hivyo mpaka mfalme, na rundo limefungwa. Wa kwanza kumaliza zile kumi na tatu anapiga kelele, na wengine wote mikono inabaki hewani.

Pakiti yangu ya kwanza ilitupwa na memsahib kwa sababu ilipotewa na saba ya uru. Nikachora saba yangu kwenye karatasi ya majani ya chai, nikacheza peke yangu kule kwenye vyumba vya maboi, msimu mzima wa mvua. Nilikuwa nashinda kila siku! Nikilala najisifu, nikiamka najisifu. Nilijifunza mchezo wa watu wengi nikiwa mtu mmoja, na hakuna aliyekuwepo kunipiga vidole. Hapo palikuwa na ujinga ambao ulinifuata mpaka leo, nitakuonyesha.

Nilipoacha kazi ya trei nikaingia reli, wakanipa kazi ya kugeuza njia za gari hapa yadi ya Nakuru, na chumba hiki cha landhi, nyumba hizi za bati za wafanyakazi wa reli, na koti refu kama la pasta. Mama yako alikuwa akiuza uji nje ya yadi. Wangari wa uji, walimwita. Unajua alivyonipenda? Hakunipenda. Nilimchosha. Alisema aliona ni nafuu aniweke ndani kuliko kunisikiliza barabarani.

Nikamfundisha mchezo, tena kwa huruma. "Polepole," nikamwambia, "jambo hili lina akili nyingi." Akanishinda kabla uji haujapoa. Nikasema ni bahati ya mgeni. Akanishinda tena, akafuta mikono kwenye leso.

"Wewe mwanamume," akasema, "unapiga hodi katikati kila saa, na nyumbani kwako hakujafagiwa."

Ilikuwa kweli. Mimi nilipenda pale katikati, penye makelele na watu wa kuona nilivyo mwepesi. Nikiona nafasi ya kupiga pap, hata kama hainisaidii, napiga. Rundo langu la kumi na tatu linakaa pembeni kama mke aliyenuniwa. Mama yako hakutazama kingine. Karata hii inaniondolea mzigo? Hainiondolei? Basi iache. Ndiye aliyebadilisha jina. "Katika nyumba yangu shetani hachezwi mezani," alisema. "Huyu mmoja anatosha," akanionyesha kwa kidevu. Mchezo ukawa Mzigo, na anayemaliza anasema, "Nimetua!"

Wewe ulipata pakiti yako ukiwa bado unang'oka meno. Nilikata maboksi ya biskuti, nikachora zote kwa mkono wangu, na wafalme wote wanne nikawapa masharubu ya stesheni masta. Ulikuwa mtoto mbaya. Ulikuwa na mbili ya shupaza mkononi, unaona ya moja imelala katikati inangoja, na huitoi, kwa sababu tu unajua mimi nina ya tatu. Unakaa unaning'inia nayo kama paka. Unashindwa wewe, nashindwa mimi, na unacheka. Mama yako alikasirika, mimi nikaona una kipaji. Leo nakumbuka nikiona ulivyoshika neno moja tangu mchana na hutaki kulitoa.

Wa nne wetu alikuwa Hamisi, jirani wa ukuta huu wa jikoni, mtu wa Mombasa aliyetia makaa kwenye injini. Yeye ndiye aliyetuletea maneno. Kwao, alisema, kila karata yenye sura ya mtu ni mzungu, na mfalme ndiye mzungu wa nne. Wa kwanza, wa pili na wa tatu walikuwa akina nani sikupata kujua sawasawa. Kila Hamisi alipoeleza, alibadilisha. Lakini sisi watu wa bara, kupewa neno kama hilo! Tulilipenda kama sukari. "Nina mzungu hapa ananisumbua." "Mzungu wako ametulia juu ya mzigo." "Mfunike, mfunike!" Hata Mama Rispa ambaye hachezi alikuja mlangoni kusikiliza tu tunavyowatukana.

Ikaja miaka hii mibaya ya hali ya hatari. Wakikuyu wakakusanywa mashambani, Njoro, Elburgon, Molo, wakapakiwa kwenye malori na mabehewa wapelekwe kwao, hata wale ambao kwao ni hapa walipozaliwa. Mama yako hawakumchukua. Alikuwa mke wa mtu wa reli, ana leso ya dada yangu kichwani, na Kiragoli anakisema kama aliyezaliwa chini ya migomba ya Vihiga. Landhi nzima ilijua, na landhi nzima ikanyamaza. Lazima niwasifu kwa hilo, hata wale ambao wanaiba makaa yangu.

Kiswahili tu ndicho kilichokuwa na hatari. Kwa Kikwetu ulimi wake haukuonekana, maana sisi wenyewe L na R tunazivuruga tunavyopenda. Lakini kwenye Kiswahili, mbele ya askari anayesikiliza, L yake, kama ya Mkikuyu yeyote, ilikuwa inageuka R kabla haijatoka mdomoni. Kwa hiyo akawa anachagua maneno kama mtu anayechambua mchele. Ndiyo, bwana. Hapana, bwana. Sijui, bwana. Neno lenye L aliliacha ndani. Ukikumbuka, hata sokoni alikuwa hasemi "mlango", hasemi "leo", hasemi "kulala". Nyumbani ndipo alipopumzika, na mimi nilimtania. "Sema lala salama." "Rara sarama, na usiamke," alinijibu. Tulicheka sana. Sikufikiri kwamba nyumba ya landhi ukuta wake ni bati, na kwamba barabara ya askari inapita nyuma ya hilo bati.

Jumapili ile ilikuwa mvua. Tulikuwa wanne mezani, kisha karata yako ikaruka ikaingia chini ya kitanda, ukaifuata. Mimi nilikuwa na rundo moja katikati limefika juu, limebaki mfalme tu, na mfalme niliye naye amekaa juu ya mzigo wangu. Nikaruka na kiti. "Leteni huyo mzungu nimmalize! Mzungu wa nne, leo ni leo!" Hamisi akapiga meza, "Mzungu kafa!"

Mlango ukafunguliwa kwa buti. Afisa mmoja mzungu, kijana, pua imebabuka kwa jua, na askari mmoja wa kwetu, Mwafrika, nyuma yake.

"Nani nasema maliza mzungu?" afisa akauliza.

"Karata, bwana," Hamisi akasema. "Haki ya Mungu, ni karata tu."

Sasa nisikilize, maana hapa ndipo uliona miguu tu. Yule askari alikwisha kuziona karata. Alikuwa mtu mzima, alishaelewa, alikuwa anaanza kutabasamu na kuangalia chini ili bwana wake asimwone. Tungenyamaza, wangeondoka. Lakini mimi niliona watu wamejaa mlangoni. Nikaona pale katikati ya meza. Nikamwinua mfalme juu.

"Ni huyu hapa, bwana. Kila Jumapili tunamfunika, na kila Jumapili anarudi. Hawa watu hawaishi!"

Askari akacheka kwa sauti, hakuweza kujizuia. Ulikuwa mzaha mzuri, Kageha. Mpaka leo nikiupima, ulikuwa mzuri. Afisa alielewa nusu yake, na nusu ya mzaha ni matusi. Uso ukawa kama nyanya. Akaigonga ile karata kwa kifimbo chake.

"Huyu nani? Wewe nasema. Huyu nani?"

Nikafungua mdomo. Nilikuwa na jibu lingine, kubwa kuliko la kwanza. Mama yako aliniona. Anaujua uso wangu ukiwa na mzaha ndani, unavimba kama wa chura. Akaniwahi, kama alivyoniwahi siku zote.

"Ni mfarme tu, bwana," akasema. "Mfarme wa karata."

Kicheko cha askari kikakatika. Alimwangalia polepole, leso, mikono, mdomo.

"Rudia, mama," akasema, kwa adabu.

"Nini?"

"Jina la huyo kwenye karata. Rudia."

Angeweza kusema sijui. Angeweza kukohoa, au kuanguka, wanawake huanguka. Alinitazama mimi, si kwa hasira, alinitazama kama mtu anayeangalia kama mlango ameufunga. Kisha akasema tena, wazi kabisa, "Mfarme." Ukatoka chini ya kitanda na karata yako mkononi, ukauliza kuna nini.

Walimchukua mama yako, wakazoa karata zote wakazitia guniani, kama ushahidi. Kwa hiyo usitegemee kukuta karata moja imefichwa kwenye nguo zako, eti ya ukumbusho. Hayo ni mambo ya watu wenye karata.

Jambo moja sikukwambia, na si siri, ni kwamba hukuniuliza. Walipowapakia mama yako na wenzake kwenye yale mabehewa yenye waya madirishani, mimi ndiye niliyekuwa zamu. Nilijua yumo. Nilivuta mkono wa chuma, reli ikahama, gari likashika njia ya Naivasha. Hamisi aliniuliza baadaye kwa nini sikukataa. Nikikataa, wangemwita Otieno avute, na Otieno huvuta kwa pupa, behewa linaruka, watu wanaanguka. Mimi nilivuta vizuri. Hiyo ndiyo zawadi ya mwisho niliyompa mke wangu, na sijui kama aliisikia.

Halafu kimya, mpaka yule dereva wa lori aliyekutana huko Mai Mahiu na mtu aliyetoka kijijini kwa mama yako, akatuletea maneno kwa mdomo. Kwamba kifua kimemshika. Kwamba wanatolewa asubuhi kuchimba handaki, na maji ya kunywa anachotewa na watoto wa watu. Na kwamba, alisema, Kageha asije.

"Amesema nisije," ukasema wewe, "basi hali ni mbaya." Ukaanza kukunja nguo. Nikaona rundo la mama yako limehamia kwako. Sikukuzuia. Mimi siwezi kwenda, mtu mzima wa kiume, Mragoli, wangeniuliza nimeleta nini mle, risasi au barua. Wewe tu ndiye unayeweza kupita, na unapita kwa kunivua mimi.

Sasa turudi kwenye madonge ya ugali.

Unakumbuka mchezo ukikwama? Kila mtu amefunua tatu tatu mpaka mwisho, amerudia, hakuna kinachoingia popote. Mimi nilikuwa wa kwanza kutupa karata chini. Mama yako alikuwa na desturi: kila mtu achukue ile ya juu mkononi aipeleke chini kabisa, tujaribu tena. Mara nyingine ilifungua. Mara nyingi haikufungua, akasema "mara moja tena," tukajaribu, haikufungua. Ndipo tukaanza kuhesabu na kugawa. Na kugawa ni kwa migongo. Katikati ya meza karata hazijui zilikotoka, kopa ni kopa, yangu imelala juu ya yako. Ukitaka kuzitenga, lazima uzigeuze usoni chini, zangu za bluu huku, za mama zenye maua kule, zako za kahawia za biskuti kwa mwenyewe. Watu wa sheria sasa wamefika hapo. Wametugeuza. Wewe una migongo miwili na geti linataka mmoja.

Nimezifunua zangu zote, Kageha. Nimepeleka ya juu chini, nimekwenda kwa karani, kwa pasta, kwa yule mkubwa wa reli ambaye zamani nilimbebea samaki. Nimesema mara moja tena mpaka ulimi umekauka. Hakuna kinachoingia. Mwisho wa mwezi na mimi natoka humu, chumba ni cha mtu anayefanya kazi, na mimi wamenipa barua ya asante. Nakwenda Maragoli kwenye shamba la ndugu yangu, upana wake ukilala miguu inaingia kwa jirani. Nakwambia hivi ili usiweke akilini kwamba kuna nyumba Nakuru inakungoja. Haipo. Watu wanasema mambo haya yatapita, waliofungiwa watafunguliwa. Huenda. Mimi nimegeuza njia za magari maisha yangu yote: gari likirudi ni lile lile, ila waliomo ndani ni wengine. Sisi watatu meza moja, mimi hiyo nimeitoa kichwani. Ukiitoa na wewe, utatembea mwepesi zaidi.

Sasa ya getini. Mimi ni fundi wa uongo, nimewadanganya masta, memsahib na mama mkwe, sikiliza fundi. Usiongeze maneno. Wakiuliza baba, sema amekufa. Wakiuliza kimemwua nini, sema reli. Watu wa reli hufa, hakuna anayeuliza mara ya pili. Wakiuliza jina la ukoo, toa la baba wa mama yako, ulifanyie mazoezi garini mpaka liwe lako. Kageha usiwaambie. Ni jina la mama yangu mzazi, na linanuka Maragoli kutoka mbali. Yule bibi yako mzaa mama aliyekuita Nyambura ulipozaliwa, tukamcheka, sasa mtii.

Na usicheke. Hili ndilo ninaloogopa kuliko yote. Wewe ukishikwa na woga unacheka, nimeona, na ulilipata kwangu. Utasimama pale, utasema "baba amekufa," utaniona kichwani nimeshika tonge nakulaumu, na kicheko kitakuja. Kimeze. Uking'ata ulimi, ng'ata. Nyumba hii ilivunjwa na mtu aliyekuwa na mzaha mzuri.

Ukifika kwake, usimwambie nililia, maana sikulia, na atajua unadanganya. Mchotee maji. Akiuliza habari zangu, mjibu sikioni, mara moja, usirudie, kijiji cha namna hiyo kina masikio kwenye kila ukuta. Baada ya hapo niwe nimekufa hata humo ndani. Usiniandikie. Barua yenye jina langu ikishikwa, mtatolewa wote wawili, na mimi sitaki kuwasumbua watu nikiwa kaburini.

Namsikia Mama Rispa anakuaga. Nitaweka karatasi hizi chini ya mkate wako, utazisoma mkipita Gilgil, kisha uzichane vipande uzirushe dirishani kabla ya kufika Nairobi. Kesho asubuhi utaamka hunioni. Usinitafute yadini, na stesheni sitakuja, hata kwa mbali, hata nyuma ya ghala. Ukiniona hutaweza kulisema lile neno. Na tena si desturi: maiti hamsindikizi mtu.

Nenda salama, Nyambura.

Ni mimi,
marehemu baba yako.